Kifaru cha Chuma na Vichwa vya Wapagazi

Kifaru ni mnyama mkubwa mwenye ngozi nene, naye akikasirika huenda mbele moja kwa moja wala hatazami kilichopo njiani. Kwa sababu hiyo watu wasemao Kiswahili wamelipa jina lake lile gari la vita la chuma, liendalo juu ya minyororo mipana badala ya magurudumu. Gari hilo lilionekana vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, katika nchi ya Ufaransa. Mwaka ule ule, miezi minne kabla yake, jeshi la Waingereza lilivuka mto Songwe likaingia katika nchi ya Kyela na Rungwe. Lakini huku hakikuonekana kifaru cha chuma hata kimoja. Katika somo hili tutajifunza kwa nini kifaru kilitengenezwa huko Ulaya, na jinsi kilivyofanya kazi. Kisha tutajifunza kwa nini hapa kwetu mzigo wote wa vita uliwekwa juu ya vichwa vya watu.

Vita Kuu vya Kwanza vilianza mwaka 1914, vikaisha mwaka 1918. Upande mmoja walikuwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, pamoja na rafiki zao. Upande wa pili walikuwa Waingereza, Wafaransa, na mataifa mengine mengi. Mwanzoni kila upande ulidhani utashinda upesi. Lakini kabla ya mwaka 1914 kwisha, majeshi ya Ulaya yalikuwa yamejichimbia mahandaki toka Bahari ya Kaskazini hata mpaka wa Uswisi, mwendo wa kilometa 700 hivi. Askari walikaa ndani ya mahandaki hayo mchana na usiku, wakati wa mvua na wakati wa theluji, wakitazamana na adui. Mahali pengine nafasi iliyokuwa katikati yao haikuzidi hatua 200.

Je, mbona hawakuzivuka hatua hizo 200? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni bunduki ya mashine, ambayo askari wa zamani waliiita bombom. Bunduki hiyo hutoa risasi mamia kwa dakika moja, na watu wawili au watatu waliojificha handakini pamoja nayo waweza kuzuia kundi kubwa la watu waendao wima. Ya pili ni seng'enge. Mbele ya mahandaki ilitandazwa seng'enge yenye miiba, safu juu ya safu, na mtu aliyenaswa humo hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ya tatu ni matope. Mizinga ilikuwa imeichimbua ardhi siku nyingi, hata ikawa mashimo matupu yaliyojaa maji.

Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme katika Ufaransa, Waingereza walitoka mahandakini wakaenda kwa miguu kuwashambulia Wajerumani. Siku ile moja walikufa watu zaidi ya 19,000, na wengine zaidi ya 38,000 walijeruhiwa, au walitekwa, au walipotea. Watu hao hawakukosa ushujaa. Lakini ushujaa hauzuii risasi.

Wazo la kujikinga kwa madini si jipya. Mmesoma katika Kitabu cha Samweli habari za Goliathi, jinsi alivyovaa chapeo na deraya ya shaba, na jinsi mchukua ngao alivyomtangulia. Lakini deraya iwezayo kuzuia risasi ya bunduki ni nzito mno. Mtu hawezi kuivaa na kupiga mbio, wala farasi hawezi kuichukua. Basi watu wenye akili wakageuza shauri lenyewe. Walisema: ikiwa mtu hawezi kuichukua deraya, afadhali deraya imchukue mtu.

Mwaka 1915 Waingereza waliweka kamati ya kushughulikia jambo hilo. Aliyeiweka alikuwa Winston Churchill, ambaye siku zile alikuwa mkuu wa mambo ya manowari, na kwa hiyo chombo hicho kilifikiriwa kama merikebu iendayo nchi kavu. Mafundi wawili, William Tritton na Walter Wilson, walikitengeneza katika mji wa Lincoln. Kazi ilifanywa kwa siri. Ili adui asipate habari, ilisemwa kwamba vinatengenezwa vyombo vya kuchukulia maji, yaani matangi. Ndiyo sababu Waingereza hukiita chombo hicho kwa jina la tangi hata leo.

Sasa tuangalie jinsi kilivyokwenda. Kifaru cha kwanza kilikuwa na uzito wa tani 28, yaani kilo 28,000. Huo ni kama uzito wa ng'ombe wetu mia moja waliokusanywa mahali pamoja. Je, kitu kizito namna hiyo kilipitaje katika matope bila kuzama? Mtoto wa Kyela aweza kulijibu swali hili kuliko mtoto wa nchi kavu. Mwezi wa Aprili, mvua inapojaza mashamba ya mpunga, ukisimama kwa mguu mmoja utazama mpaka gotini. Lakini ukitandika ubao mpana, au ukilaza magogo ya migomba, utapita salama. Uzito wako haukupungua. Umeenea tu mahali papana, na kila sehemu ya matope imepata uzito kidogo.

Mnyororo wa kifaru ni kama ubao usiokwisha. Umefanywa kwa vipande vingi vya chuma vilivyounganishwa, nao huzunguka mwili wa kifaru toka mbele hata nyuma. Injini inapouzungusha, kifaru hujitandikia njia ya chuma mbele yake, hupita juu ya njia hiyo, kisha huiokota nyuma na kuirudisha mbele tena. Na kwa kuwa kilikuwa kirefu, kiliweza kuvuka handaki lenye upana wa mita tatu: sehemu ya mbele iligusa ukingo wa pili kabla ya sehemu ya nyuma kuuacha ukingo wa kwanza. Seng'enge ililazwa chini kama majani makavu, na risasi za bunduki ziligonga ubavuni zikaanguka.

Hata hivyo msidhani kwamba watu waliokuwamo walistarehe. Walikuwa wanane, nao wanne kati yao walihitajiwa kwa kazi ya kukiendesha tu. Injini ilikuwa katikati yao, haina ukuta wa kuitenga. Joto lilikuwa kama la tanuru, na moshi wa mafuta uliwalevya hata wengine wakazimia. Mlio ulikuwa mkubwa mno, mtu hakuweza kumsikia mwenzake. Kwa hiyo walipeana ishara kwa mikono, au kwa kugonga chuma kwa nyundo. Hawakuwa na simu ya upepo, ila waliweza kutoa njiwa katika tundu dogo apeleke barua. Na mwendo wa kifaru hicho haukuzidi kilometa 6 kwa saa, yaani mtu atembeaye upesi angeweza kukiacha nyuma.

Siku ile ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walikuwa na vifaru 49 tayari. Vingi viliharibika njiani au vilikwama mashimoni, na vichache tu vilifika katika mahandaki ya Wajerumani. Mahali vilipofika, askari wengi wa adui walishikwa na hofu, maana hawakupata kuona kitu cha namna ile. Lakini vilikuwa vichache, navyo vilitawanywa huku na huku, basi faida yake ikawa ndogo.

Mwaka uliofuata walitumia akili zaidi. Tarehe 20 Novemba 1917, karibu na mji wa Cambrai, walikusanya vifaru zaidi ya 400 mahali penye ardhi ngumu. Vingi vilichukua juu ya mgongo mtumba mkubwa wa fito, wa kutupwa ndani ya mahandaki mapana ili vipate kupita. Siku moja walikwenda mbele kama kilometa 8, na katika Uingereza kengele za makanisa zilipigwa kwa furaha. Lakini siku ile ile vifaru 179 viliharibika au vilikwama, na siku kumi baadaye Wajerumani walirudi kwa nguvu wakaitwaa tena sehemu kubwa ya nchi waliyoipoteza. Hata mwaka 1918, vifaru vilipokuwa vingi na bora zaidi, havikushinda peke yake. Vilishinda vilipofuatana na mizinga, ndege, askari wa miguu, na magari ya kuleta mafuta na chakula.

Hayo ndiyo mambo ya Ulaya. Huko adui alijulikana alipo, naye alikuwa karibu. Shida ilikuwa kumfikia. Sasa tuje kwenye Ziwa Nyasa, na tutaona kwamba shida ya huku ilikuwa nyingine kabisa.

Mwaka 1914 mto Songwe ulikuwa mpaka, kama ulivyo leo. Kaskazini yake ilikuwa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, na boma lao lilikuwa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Kusini yake ilikuwa Nyasaland ya Waingereza, ambayo sasa ni Malawi, na boma lililokuwa karibu lilikuwa Karonga. Vita vilianza ziwani. Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, nayo ilikuwa imepandishwa pwani huko Liuli ili itengenezwe. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuja meli ya Waingereza, Guendolen, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Wajerumani hakuwa bado amepata habari kwamba kuna vita. Alikwenda kwa mtumbwi kumwuliza nahodha wa Waingereza, aliyekuwa rafiki yake, kama amelewa. Naye akafanywa mfungwa papo hapo. Tangu siku ile Waingereza wakawa mabwana wa ziwa.

Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Waingereza nao walikuwa wametoka Karonga kwenda kuwatafuta Wajerumani. Majeshi mawili yalipishana katika nchi ya vichaka na migomba pasipo kuonana! Tarehe 9 Septemba Wajerumani walilikuta boma lina walinzi wachache tu, wakalipiga saa kadha wa kadha. Lakini jeshi la Waingereza lilisikia, likarudi likawajia Wajerumani kwa nyuma, nao wakashindwa wakarudi kuvuka mto.

Angalieni tofauti. Katika Ufaransa majeshi yalitazamana kwa miaka, yasiweze kuvuka hatua 200. Huku majeshi yalitembea siku nzima bila kujua adui yuko wapi. Mahandaki yalichimbwa huku pia, na bombom ziliua watu wengi huku pia. Lakini adui akizuiliwa mbele aliweza kuzunguka porini. Nchi ilikuwa pana, na watu walikuwa wachache. Kazi kubwa ya kila siku ilikuwa kuwafikishia askari chakula, risasi na dawa mahali walipo.

Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Northey aliwavusha askari wake mpaka, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameingia Tukuyu. Baadaye waliendelea mpaka Njombe, Iringa na Songea. Kila risasi waliyopiga, na kila kibaba cha unga walichokula, kililetwa kwanza kwa meli ziwani, kisha kikachukuliwa nchi kavu. Je, kilichukuliwa na nini? Ng'ombe, farasi na punda walikufa upesi kwa ajili ya mbung'o na maradhi mengine. Magari ya moto yalikuwa machache, barabara zilikuwa chache zaidi, na mvua ilipokuja zikawa matope. Basi kilichukuliwa na watu.

Tufanye hesabu, ili mjue uzito wa kazi hiyo. Tuseme mpagazi huchukua kilo 25 za unga, naye hula kilo 1 kila siku. Akipeleka mzigo mahali pa mwendo wa siku 5, atakula kilo 5 kwenda na kilo 5 kurudi. Askari watapata kilo 15. Ikiwa ni mwendo wa siku 10, askari watapata kilo 5 tu. Ikiwa ni mwendo wa siku 13, hawatapata kitu, na mpagazi mwenyewe atarudi na njaa. Sasa fikirini askari 1,000 walio mbali mwendo wa siku 10, nao hula kilo 1 kila mmoja. Yapasa wapagazi 200 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja yuko safarini siku 20, wapagazi wote ni 4,000. Na hao ni wa chakula tu. Risasi, mahema na majeruhi bado havijahesabiwa.

Labda mwanafunzi mmoja atauliza, mbona hawakuleta vifaru? Jibu ni hesabu vile vile. Kifaru cha kwanza kilijazwa mafuta lita 230 hivi, nayo yalikipeleka mwendo usiozidi kilometa 40. Toka ufuo wa Mwaya mpaka Tukuyu ni zaidi ya hapo, na njia yapanda mita 1,000. Basi mafuta yangekwisha kabla hakijafika, na mafuta mengine yangeletwa na nani, kama si na wapagazi? Tena kingepitaje Mbaka na Kiwira, mahali pasipo daraja la kubeba tani 28? Ile meli Hermann von Wissmann ililetwa ziwani vipande vipande katika miaka ya 1890, ikapitishwa nchi kavu na watu mahali penye maporomoko ya mto Shire. Kifaru kama kingegawanywa kwa mizigo ya kilo 25, kingekuwa mizigo 1,120. Magari machache ya deraya yalipata kutumiwa upande wa Kilimanjaro mwaka 1916, lakini hayo yalikuwa magari ya magurudumu, nayo hayakuweza kuyafuata majeshi kila mahali.

Basi huku mtu ndiye aliyekuwa gari. Katika Nyasaland wapagazi waliitwa tengatenga. Wengine walijiandikisha kwa mshahara, na wengine wengi walichukuliwa kwa nguvu, kwa amri ya serikali au ya machifu. Wajerumani vile vile waliwachukua watu wa nchi hii, na wengi hawakulipwa cho chote. Waliotoka katika joto la ziwani walipelekwa kwenye baridi ya milima, na blanketi zilikuwa haba. Walikula unga ambao haukupikwa ukaiva, wakalala mvuani. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache; wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi.

Waingereza peke yao waliandika wapagazi zaidi ya 1,000,000 katika vita vya Afrika ya Mashariki, na waliohesabiwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 95,000. Katika hesabu hiyo hawamo wapagazi wa Wajerumani, wala wake na watoto walioona njaa nyumbani kwa sababu wenye kulima walikuwa wameondolewa. Vita vya huku viliendelea hata baada ya vile vya Ulaya kwisha tarehe 11 Novemba 1918, kwa maana habari zilichelewa. Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amepita Njombe na Mbozi mwezi wa Oktoba, aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mji huo sasa huitwa Mbala.

Leo mtu akienda Dar es Salaam atapita Kariakoo, mahali penye soko kubwa. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, kwa kuwa walikaa hapo wakati wa vita. Katika Nairobi iko sanamu iliyowekwa mwaka 1928, na mpagazi amesimama hapo pamoja na askari. Lakini wengi sana katika wale waliokufa hawana kaburi lijulikanalo, wala jina lililochongwa juu ya jiwe. Vifaru vya kwanza vilipewa namba na majina, na vingi vimeandikwa vitabuni siku vilipoharibika na mahali vilipoharibikia. Mpagazi aliyeanguka kando ya njia ya Njombe aliandikwa kuwa mmoja katika hesabu, au hakuandikwa kabisa.

Kwa hiyo, wanafunzi, msomapo habari za vita, msiangalie silaha peke yake. Kifaru ni kazi ya akili kubwa, nacho kilitengenezwa ili kuwakinga watu wanane na risasi. Lakini ulizeni pia nani alileta mafuta, nani alileta unga, na kama yeye naye alikuwa na kinga yo yote. Na mkiwa na mzee nyumbani anayekumbuka aliyosimuliwa na babu yake juu ya siku za tengatenga, mketi naye mkaandike jina la mtu, kijiji chake, na njia aliyopita. Kazi hiyo haitaki mashine wala fedha. Yataka kalamu tu, nayo yafaa ifanywe kabla hao wajuao hawajaondoka.

MASWALI

1. Taja mambo matatu yaliyowazuia askari wa Ulaya kuvuka nafasi iliyokuwa kati ya mahandaki.
2. Eleza kwa nini kifaru chenye tani 28 kiliweza kupita juu ya matope. Tumia mfano wa shamba la mpunga.
3. Mpagazi huchukua kilo 25 na hula kilo 1 kila siku. Akienda mwendo wa siku 8, askari watapata kilo ngapi?
4. Kwa nini kifaru kisingefaa kwa safari ya toka Mwaya mpaka Tukuyu mwaka 1916? Toa sababu mbili.
5. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
6. Uliza nyumbani kwenu: je, yuko mtu wa ukoo wenu aliyekuwa mpagazi katika vita hivyo? Andika habari zake katika daftari lako.